Tezo Iliyopewa Pembe ya Jembe

Kijana mmoja wa Luanda, kaunti ya Vihiga, huchonga miiko ya ugali, pawa na mabakuli ya mti na kuyauza siku za soko. Alimwendea mhunzi mjini Kisumu akaagiza tezo ya mkono mmoja, chombo cha kuchongea ambacho bapa lake hukaa kwenye mpini kama la jembe. Tezo ikafuliwa kwa springi ya lori, ikanolewa, ikatiwa mpini. Kabla bakuli la kwanza halijafika nusu ya kina chake, makali yakameguka kwenye kona. Akairudisha. Mhunzi akasema ugumu umezidi, akaitia motoni tena ailegeze. Safari hii makali hayakumeguka, yalipinda. Hapo maneno yakaanza. Kijana akadai ameuziwa chuma hafifu, mhunzi akashikilia kwamba mti wenyewe una mawe, na mwishowe tezo ikaletwa kwangu, kwa kuwa kazi yangu ni kutia mipini na kunoa, niseme kosa liko wapi.

Nimekiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu tezo za namna hii huletwa mara nyingi, na karibu kila mara anayebebeshwa lawama ni chuma. Mtu hununua springi nyingine, hubadilisha mhunzi, hurudia yaleyale. Katika kisa hiki chuma kilikuwa kizuri na mhunzi alikuwa hodari. Kilichoharibu kazi ni pembe: namna bapa la tezo lilivyoinama kuelekea kwenye mkono wa anayeishika.

Kwanza niieleze tezo yenyewe. Bapa lilikuwa limenyooka, upana wake sentimita 5, na urefu kutoka kwenye mpini hadi kwenye makali sentimita 11. Msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia kwenye mti, ulikuwa mrefu, wa pande nne, unazidi kuwa mwembamba kuelekea mwisho, na ulipenya kwenye rungu la mpini, kile kichwa chake kinene. Huo ni mtindo wa zamani na ni mzuri, kwa sababu kila pigo linazidi kuukaza msuka ndani ya mti badala ya kuulegeza. Mpini ulikuwa wa mkaratusi, wa mviringo kabisa, urefu wa sentimita 30. Katika maelezo haya uso wa ndani ni ule unaotazama mpini na mkono, na uso wa nje ni ule unaotazama mti unaochongwa. Tezo hii ilinolewa uso wa ndani peke yake. Uso wa nje ulikuwa bapa tupu.

Agizo lilitolewa kwa picha kwenye simu. Kijana alikuwa ameona tezo za wachongaji wa Kikamba wa Wamunyu, akapenda, akamwonyesha mhunzi. Picha ilipigwa kutoka juu. Upana wa bapa unaonekana, urefu wa mpini unaonekana, lakini jinsi shingo, pale bapa linapokutana na mpini, ilivyopinda haionekani hata kidogo. Mhunzi akajaza pengo hilo kwa kitu alichokijua.

Washukiwa watatu

Kijana alikuwa amekihifadhi kile kipande kilichomeguka, amekifunga kwenye karatasi ya nailoni. Nilishukuru sana, maana chuma kilichovunjika ni shahidi, na watu wengi humtupa shahidi huyo jalalani. Nilikitazama kwa kioo cha kukuza. Chuma kilichopashwa moto kupita kiasi kabla ya kuchovywa, yaani kuzamishwa ghafla ili kiwe kigumu, huvunjika kwa punje kubwa zinazometameta kama chumvi ya mawe. Kipande hiki kilikuwa na punje laini, za kijivu, zisizong'aa. Maana yake mhunzi aliipata rangi ya moto anayotakiwa kuipata na hakuipita. Tena kingo za mvunjiko zote zilikuwa na rangi moja. Springi iliyokwisha kuchoka chini ya lori huwa na nyufa ndogo za zamani, na ufa wa zamani ukivunjika huonyesha sehemu nyeusi yenye kutu karibu na sehemu mpya safi. Hapa hapakuwa na weusi.

Springi yenyewe haina lawama. Chuma cha springi za magari kina kaboni ya karibu asilimia 0.6, na hicho ni kiasi kinachotosha kushika ugumu kikipashwa na kuchovywa vizuri. Ingekuwa ni nondo ya ujenzi ningemwelewa kijana, kwa kuwa nondo ya kawaida ina kaboni ndogo mno na hata ukiichovya mara ngapi haitashika makali ya maana. Wapo wanaouza tezo za nondo zilizong'arishwa. Hii haikuwa hivyo.

Mshukiwa wa pili ni ugumu. Baada ya marekebisho, sehemu ya makali ilikuwa bado na kivuli cha rangi ya buluu, ambayo chuma huivaa kikipashwa karibu digrii 300. Rangi hiyo ni laini kuliko ninavyopenda kwa tezo, lakini chuma cha springi kilicholegezwa hadi buluu hakipindi kwa kukata mti mbichi. Kitachakaa mapema, utakinoa mara nyingi zaidi, basi. Ili kipinde lazima kiwe kinafanyishwa kazi isiyo ya kukata.

Na mti? Mhunzi hakusema upuuzi alipotaja mawe. Mvule una tabia hiyo kweli: ndani yake hujijenga vipande vigumu vya chokaa, na fundi wa samani wa Kisumu aliyewahi kupasua mvule atakuambia jinsi msumeno unavyotoa cheche ghafla. Lakini bakuli la kijana lilikuwa la mwembe, tena mbichi, na alikuwa amekuja nalo. Nililikagua lote kwa kidole na kwa ncha ya kisu, sikupata fundo wala jiwe. Mwembe mbichi ni mti mpole.

Baada ya kuwaondoa wote watatu kilibaki kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaja. Nililinganisha pengo la kona na sehemu iliyopinda. Pengo lilikuwa limeanzia uso wa ndani likatokea uso wa nje, na upande wa nje ndiko chuma kilikoondoka kwa wingi. Ile sehemu iliyopinda nayo ilielekea nje, kwenye kona ileile. Chuma kigumu kilivunjika na chuma kilicholegezwa kikapinda, vyote kwa upande mmoja na mahali pamoja. Basi kulikuwa na nguvu moja iliyokuwa inausukuma uso wa ndani wa makali kuelekea nje kila siku ya kazi, na ugumu ulichofanya ni kuchagua tu aina ya jeraha.

Nikatazama ndani ya bakuli. Pigo la tezo nzuri huingia, hukata, hutoka, na huacha kovu jepesi la mviringo. Humu kila pigo liliishia kwenye kijingazi, na chini ya kijingazi nyuzi za mti zilikuwa zimechanika, hazikukatwa. Kandokando kulikuwa na mistari miwili ya kona za bapa iliyochimba kuliko katikati.

Nikampa kijana kipande cha mwembe.

"Chonga nikuone, mwanangu."

Akapiga. Tezo ikazama, ikakwama. Akausukuma mpini mbele, kibanzi kikapasuka, tezo ikatoka. Akapiga tena, ikakwama tena, akasukuma tena.

"Hivi ndivyo unavyofanya kila pigo?"

"Ndiyo, mzee. Nisipoisukuma haitoki."

Kusukuma huko ndiko kulikoyavunja makali. Mpini ukienda mbele, ncha ya bapa hunyanyuka na kukwanyua kibanzi kwa uso wa ndani. Makali membamba yamegeuzwa mtaimbo. Hakuna ugumu wa chuma unaovumilia hilo: kigumu humeguka, laini hupinda. Kijana hakuwa mzembe. Tezo ilimlazimisha.

Uzi na kifundo cha mkono

Sasa tuje kwenye pembe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo roho ya tezo.

Tezo haishuki wima kama nyundo ya kupigilia msumari. Inazunguka. Mkono unaposhuka, makali yanapita kwenye duara ambalo kitovu chake, kwa tezo fupi, kiko kwenye kifundo cha mkono au nyuma yake kidogo. Ili makali yakate badala ya kuchimba, ule uso wa tezo unaoteleza juu ya mti, yaani uso wa nje hapo nyuma ya makali, lazima uelekee kule makali yanakokwenda. Njia ya kuupima haihitaji hesabu. Shika tezo unavyoishika kazini. Mtu mwingine ashikilie uzi kwenye kifundo chako auvute hadi kwenye makali. Kisha weka skwea pale kwenye makali: uzi upande mmoja, uso wa nje wa bapa upande wa pili. Ukipata pembe mraba, yaani digrii 90, au pungufu yake kwa digrii chache, tezo itakata. Ikipungua sana, makali yanavutwa ndani ya mti na hakuna kitu nyuma yake cha kuyaegemeza yatoke. Ikizidi pembe mraba, kisigino cha bapa kinagonga mti kabla ya makali, na tezo inaruka mkononi.

Kwa tezo hii, kutoka kifundoni hadi kwenye rungu la mpini palikuwa na sentimita 27, na bapa lina sentimita 11. Bapa na mpini vilikutana kwa pembe ya karibu digrii 80. Uzi ukasema 77 pale kwenye makali. Zilikosekana digrii 13, na hizo ndizo zilizokuwa zinaizamisha.

Mhunzi alikuwepo. Alipoona skwea alinyamaza, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani akalitazama shingo. Nikalipima hilo pia. Kutoka kwenye mikono hadi kichwa cha jembe weka mita 1, na kutoka kwenye mpini hadi kwenye makali sentimita 20. Uzi ukivutwa kutoka kwenye mikono, pembe mraba inapatikana pale jembe linapokutana na mpini kwa digrii 78 au 79. Yaani karibu 80. Ndiyo pembe aliyompa kijana.

"Omera," mhunzi akaniambia, "mimi nimefua majembe tangu nikiwa mdogo. Mkono wangu unapinda hapo wenyewe."

Na kweli ni mkono wenye historia. Upande huu wa ziwa uhunzi ulikuwa jembe kabla ya kuwa kitu kingine. Wahunzi wa Samia, kwenye vilima vya mpakani na Uganda, walichimba mawe ya chuma na kuyayeyusha, na majembe yao yalifika kwa Waluo na kwa Waluyia wengine kwa kubadilishana na mifugo na nafaka. Pembe ya digrii 80 haikukosewa na mtu. Ni pembe sahihi kabisa kwa chombo kinachozungushwa kwa mpini mrefu. Kanuni ya uzi ni moja kwa vyombo vyote viwili. Kinachobadilika ni umbali wa kitovu: mpini ukiwa mrefu, shingo hufunguka, mpini ukifupishwa, kitovu kinasogea karibu na shingo lazima ifungwe. Kwa vipimo vya kijana, shingo ilitakiwa kuwa karibu digrii 70. Tofauti ya digrii 10 haionekani kwa jicho la mtu anayepita, lakini mwembe unaijua.

Yako mengine mawili yaliyosaidia kuleta pengo kwenye kona, nayo nitayapitia haraka. Bapa lilikuwa limenyooka kwa upana, na ukilipiga ndani ya shimo la bakuli, kona hugusa mti kwanza na kubeba pigo lote. Tezo ya kulainisha ubao ndiyo hutaka makali yaliyonyooka. Ya kukomba hutaka bapa lililokunjwa mfano wa mfereji. Pili, mpini wa mviringo kabisa huzunguka mkononi, hasa kiganja kikitoka jasho, na kijana huyu mkono wake ulikuwa unageukia upande mmoja. Ndiyo maana kona moja iliumia na nyingine ikapona.

Motoni

Tulikubaliana kuirekebisha ileile, bila kuanza na chuma kipya. Mhunzi alifanya kazi yote ya moto. Mimi nilishika uzi.

Tanuri lake ni la makaa, na feni yake huzungushwa kwa mkono kupitia rimu ya baiskeli, kwa hiyo hewa inapunguzwa na kuongezwa bila taabu. Fuawe ni kipande cha reli. Kwanza aliusafisha ukingo, akaondoa pengo lote kwa tupa hadi chuma kizima, bapa likapungua milimita chache. Kisha akapasha shingo peke yake hadi nyekundu inayokaribia chungwa na kuipinda pole pole juu ya ukingo wa reli. Rangi ilipofifia na kuwa nyekundu ya damu aliacha, akarudisha motoni. Jambo hili halina mjadala: springi inayogongwa ikiwa imepoa hupata ufa usioonekana, na ufa huo utajitokeza siku ya kuchovya. Kila baada ya kupinda tulingoja ipoe kidogo, tukaishikilia kwa koleo kando ya mpini wa zamani, tukavuta uzi. Kwa bahati msuka ulikuwa bado unaingia kwenye tundu lake, hivyo tuliweza kupima kitu halisi bila kubahatisha.

Mfereji wa bapa aliutengeneza juu ya gogo gumu alilolichimba mtaro kwa patasi. Bapa likiwa jekundu, liliwekwa juu ya mtaro na kugongwa katikati kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, hadi katikati pakashuka kama milimita 5 kuliko kona. Wengine hutumia bomba lililopasuliwa. Sina ugomvi nalo, ila bomba la maji lililopakwa zinki lisisogezwe karibu na moto kamwe; moshi wa zinki unaumiza mapafu na humlaza mtu kwa homa. Alilipinda pia bapa kidogo kwa urefu, uso wa nje ukafuata duara la mkono.

Hapo mhunzi aliuliza swali zuri. Kwa nini tusihamishie mnoo wote upande wa nje, maana kunoa ndani ya mfereji ni taabu? Inawezekana, na ziko tezo nyingi za namna hiyo. Lakini uso unaoteleza juu ya mti unakuwa ni ule mteremko wa makali, na skwea lazima ikae juu ya mteremko huo, si juu ya bapa. Ukiwa na mteremko wa digrii 30 upande wa nje, bapa lenyewe litatakiwa kufunguka kupita hata jembe, shingo ivuke digrii 90. Anayenakili shingo ya tezo ya aina moja na mnoo wa aina nyingine anapata chombo kisichokata kabisa, na hatajua kwa nini. Sisi tulibaki na mnoo wa ndani, digrii 30 hivi, na upande wa nje tukaacha nafasi ya kuuzungusha ukingo kidogo sana, milimita 2 tu, ili makali yapate mahali pa kuegemea yanapotoka.

Kabla ya kuchovya alikipumzisha chuma. Alikipasha hadi nyekundu, akakiacha kipoe hewani mpaka weusi, akarudia mara tatu, kila mara moto ukiwa mdogo kidogo kuliko uliotangulia. Kazi ya moto mwingi hukuza punje za chuma, na mapumziko haya huzirudisha kuwa ndogo. Wahunzi wenye haraka huruka hatua hii kwa kuwa haionyeshi chochote kwa macho. Yeye hakuiruka, na ndiyo sababu kile kipande cha kwanza kilikuwa na punje laini.

Kuchovya: sentimita 3 za mwisho tu ndizo zilizopashwa. Ana sumaku ya spika ya redio iliyofungwa kwenye waya. Chuma kikifika karibu digrii 770 sumaku haikishiki tena. Kutoka hapo anangoja rangi iongezeke kidogo, sawasawa kutoka kona hadi kona, kisha kinaingia kwenye mafuta. Mafuta yalikuwa ya kupikia, yaliyopashwa moto kiasi cha kuweza kugusika. Maji ni makali mno kwa springi, yanaweza kuipasua papo hapo. Oili chakavu ya injini nayo inachovya, lakini moshi wake si wa kuvutwa na mtu, na chombo hiki kitachonga vyombo vya kulia. Mafuta yalikuwa kwenye debe la chuma, mfuniko wake kando, tayari kuufunika moto ukiwaka. Tupa ikipitishwa kwenye makali ikateleza bila kuuma. Shingo na msuka vilibaki laini, na vinatakiwa kubaki hivyo, kwa sababu ndivyo vinavyomeza mshtuko.

Kulegeza kulifanywa polepole. Alilisugua bapa kwa jiwe mpaka liwe jeupe, akaweka chuma chekundu kinene chini ya shingo, na joto likasafiri lenyewe kuelekea kwenye makali. Rangi zilikuja kwa mpangilio wake: manjano hafifu, manjano iliyoiva, kahawia. Kahawia ilipogusa ukingo, karibu digrii 250, akakizamisha chote. Ni ngumu kuliko ile buluu ya marekebisho ya kwanza, na laini kidogo kuliko ningetaka kwa kisu, maana tezo inapiga na kisu hakipigi.

Mpini mpya niliutengeneza mimi, wa mpera. Tawi la mpera lina nyuzi zilizoshikana, halipasuki kirahisi, na mahali linapoota kutoka kwenye shina pana uvimbe wa asili unaofaa kuwa rungu. Nililichonga liwe na umbo la yai, sehemu ndefu ya yai ikifuata mwelekeo wa bapa. Ukiishika hata gizani vidole vinajua makali yametazama wapi. Tundu lilianzishwa kwa keekee na kumaliziwa kwa msuka wenyewe ukiwa na moto, nikaacha kama sentimita moja ya msuka isiingie, iingizwe na mapigo ya kazi.

Uzi wa mwisho ulisoma 86.

Mwembe uleule

Kijana alirudi kwenye bakuli lake la mwembe. Pigo la kwanza lilitoa kibanzi kirefu kilichojikunja, tezo ikatoka yenyewe. Aliendelea kwa muda akiwa bado anausukuma mpini mbele kwa mazoea, na nilimwomba aache, alegeze kifundo, aiache tezo irudi. Mazoea ya chombo kibaya hukaa mkononi hata baada ya chombo kutengenezwa. Kufikia chini ya bakuli hakukuwa na kijingazi, na kona hazikuchimba. Nilikagua makali kwa kioo: mstari mzima, kona zote mbili.

Kuhusu gharama walielewana wenyewe. Kijana alilipia makaa na mpini, mhunzi hakudai kazi ya moto. Naona ni haki, ingawa kwa maoni yangu anayeagiza kwa picha ya simu naye ana sehemu yake. Mhunzi hawezi kuisoma shingo ambayo picha haikuionyesha, na hakuna aliyemwambia kitovu cha mkono kiko wapi. Tangu hapo mhunzi ana kijiti chenye urefu wa mpini. Mteja anayetaka tezo hupewa akishike na kukipiga hewani kama anavyopiga kazini, na mhunzi hupima kutoka kifundo. Mzee mmoja mchonga vinu alipiga kwa kiwiko, kifundo kikiwa kimekaza, na shingo yake ikatoka wazi zaidi kuliko ya kijana.

Kunoa sasa ni kazi ya kijana. Upande wa ndani anatumia msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo kinachokaa kwenye mfereji, namba 240, kisha 400, kisha ngozi ya kiatu iliyopakwa majivu laini. Uso wa nje haugusi, isipokuwa ule ukingo wa milimita 2.

Amekwisha kuagiza ya pili, ya kukombea vichwa vya pawa, ambako bapa la sentimita 5 haliingii. Hii ina makali ya sentimita 3, bapa la sentimita 8 na mpini unaompa sentimita 20 kutoka kifundoni. Mhunzi aliingia na uzi akitarajia pembe mpya. Ikatoka ileile ya karibu 70, kwa kuwa bapa na mpini vimepungua kwa uwiano uleule. Iko motoni wiki hii, na mti wa mpini, mpera tena, unakaushwa kivulini ukiwa umefunikwa vibanzi vyake ili usipasuke.